Dodoso limejazwa, chuo hakijabadilika: dalili, sababu na tiba

Karibu kila chuo nilichokisaidia kupanga dodoso kilikuwa na kabati la madodoso ya zamani. Fomu zimefungwa kwa kamba ya katani, vumbi juu yake, na hakuna anayekumbuka zilileta nini. Waliozijaza walikuwa vijana waliokaa nusu saa nzima wakitafuta namna ya kueleza kwamba karakana haina umeme wa kutosha, au kwamba nauli inawashinda. Kuziona zimelala pale huniuma, kwa sababu mtu akishakupa maoni yake amekuamini.

Mwongozo huu ni wa mratibu wa mafunzo, mkuu wa chuo au mkufunzi aliyekabidhiwa kazi ya "kukusanya maoni ya wanachuo". Nimeulenga hasa kwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania, vile 54 vya serikali, ambavyo historia yake inaanzia 1975 kwa wazo lililoazimwa Skandinavia: chuo kinachompokea mtu mzima au kijana alivyo, bila kumuuliza kwanza alifeli wapi. Marekani wana ndugu yake, chuo cha jamii. Kongwe kati ya vile vya umma, Joliet Junior College cha Illinois, kilifunguliwa 1901. Wenzetu hao nao hufundisha watu wenye kazi, wenye watoto, wanaoingia na kutoka, na wamehangaika na madodoso kwa muda mrefu. Pale walipopata dawa inayotufaa nitaiazima.

Anza na dalili unayoiona kwenye fomu zako.

Dalili: karibu kila mtu "ameridhika"

Umefungua fomu zote. Swali la "Umeridhika kiasi gani na mafunzo?" limejibiwa "Nimeridhika" au "Nimeridhika sana" na karibu kila mwanachuo. Ofisi inafurahi. Wiki hiyohiyo vijana watatu wa umeme wa majumbani wamefungasha mabegi yao, wameondoka bila kuaga.

Uliza kwanza nani aligawa fomu na nani alizikusanya. Kama ni mkufunzi wa darasa lilelile, usihangaike kutafuta sababu nyingine. Kijana aliyelelewa kuwaamkia wakubwa, na anayejua kwamba mkufunzi huyu ndiye atakayemsainia daftari lake la mafunzo kwa vitendo, hataandika mbele yake kwamba haelewi anachofundishwa. Mwandiko wake unajulikana. Kiti chake kinajulikana. Anayekujibu hapo ni adabu yake, pamoja na hofu ambayo ina msingi.

Kwa hiyo mkufunzi atoke darasani. Fomu zigawiwe na mtu ambaye hamsahihishii mwanachuo yeyote kazi zake: mkutubi, mtumishi wa chuo jirani, au kiongozi wa serikali ya wanafunzi mliyemwelekeza vizuri. Majibu yawe ya kutia alama ya vema, ili mwandiko usimuumbue mtu. Fomu ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo usikae kwa mwenye darasa. Juu ya ukurasa wa kwanza andika waziwazi nani atazisoma na nani hataziona.

Hayo yatapunguza tatizo lakini hayatalimaliza, kwa kuwa swali lenyewe lina kasoro. Mtu aliyekaa nyumbani miaka mitatu bila shughuli, akapata nafasi chuoni, anashukuru. Ukimuuliza kama ameridhika, anakujibu kwa shukrani hiyo. Hana chuo kingine cha kulinganisha. Mkufunzi mbovu na mkufunzi hodari wote wawili atawapa alama za juu, kwani wote walimpokea.

Hapa ndipo ninapowaazima Wamarekani. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, lilianzishwa dodoso la vyuo vya jamii linaloitwa CCSSE. Kiini chake ni kuuliza mwanachuo amefanya nini na mara ngapi, kuliko kumuuliza anajisikiaje. Uliuliza swali darasani mara ngapi? Ulifanya kazi na wenzako nje ya kipindi mara ngapi? Uliingia darasani mara ngapi bila kumaliza kazi uliyopewa? Ulizungumza na mwalimu kuhusu kazi unayotaka kuifanya maishani? Kitendo kinahesabika, na mtu hana haja ya kumsifu wala kumshutumu yeyote anapokitaja.

Kwetu maswali hayo yanakuja hivi:

"Wiki iliyopita ulikaa kwenye cherehani siku ngapi?"

"Tangu muhula uanze, umewahi kufunga waya mwenyewe kutoka kwenye swichi mpaka kwenye taa, taa ikawaka?"

"Mara ya mwisho ulipokosea kipimo cha mbao, nani alikuonyesha kosa lako: mkufunzi, mwenzako, au hakuna?"

Katika chuo kimoja tuliweka swali la kuridhika na swali la cherehani kwenye fomu moja. Darasa la ushonaji lilikuwa na wanachuo 24. Waliosema wameridhika walikuwa 21. Waliosema kwamba wiki iliyopita walikaa kwenye cherehani siku moja tu au hawakukaa kabisa walikuwa 11. Watu walewale, dakika zilezile. Tulipokwenda karakanani tulikuta cherehani nzima zilikuwa 6. Nyingine zilikosa mikanda na sindano, vitu vya bei ndogo. Waliowahi asubuhi ndio waliozipata, na waliowahi ni wa bweni. Wa kutwa, wanaotembea kutoka vijijini, walikuta wenzao wameshakaa. Swali la kuridhika lisingetufikisha kwenye mkanda wa cherehani hata tungelirudia miaka kumi.

Dalili: waliojibu ni wachache, au ni walewale kila mwaka

Wengi wakiona fomu chache hukimbilia kuongeza idadi. Wanaongeza muda, wanarudia tangazo kwenye gwaride la asubuhi. Idadi inapanda, picha inabaki na kasoro ileile, kwa sababu tatizo lilikuwa ni nani hayumo.

Mfano mkubwa wa kosa hili ni wa Marekani. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatabiri kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na hata kati ya hao waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliokaa kimya. Milioni mbili hazikusaidia kitu.

Chuoni kwako, wenye "simu na magari" ni wanachuo wa bweni. Wapo Jumatatu, wapo Jumamosi, na ukiwaita baada ya chakula cha jioni wanakuja. Wa kutwa wanawahi kuondoka. Wa kozi fupi, wale wa wiki chache za ufugaji wa kuku au mapishi, wameshamaliza kabla dodoso halijachapwa. Na ukituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mwenye simu ya batani humo hayumo.

Fanya hivi. Chukua rejesta, hesabu wanachuo kwa makundi unayoyajua: bweni na kutwa, kozi ndefu na kozi fupi, wanawake na wanaume, fani kwa fani. Kisha hesabu fomu zilizorudi kwa makundi yaleyale. Tofauti itajionyesha yenyewe kabla hujasoma jibu hata moja.

Kama huwezi tena kuwafuata waliokosekana, rekebisha uzito wa majibu. Tuseme chuo kina wanachuo 300: bweni 120, kutwa 180. Fomu zilizorudi ni 150: bweni 90, kutwa 60. Uliuliza kama mtu hupata nafasi ya kutumia karakana nje ya vipindi. Wa bweni waliosema ndiyo ni 72, yaani asilimia 80. Wa kutwa ni 18, asilimia 30. Ukijumlisha ovyo utasema asilimia 60 ya chuo wanapata nafasi. Lakini wa bweni ni asilimia 40 tu ya chuo, na wa kutwa ni asilimia 60. Zidisha 80 kwa 0.4 upate 32. Zidisha 30 kwa 0.6 upate 18; jumla ni asilimia 50. CCSSE nao walilazimika kufanya marekebisho ya aina hii, kwa sababu dodoso lao lilikuwa likipita kwenye madarasa yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na anayesoma muda wote yumo katika madarasa mengi zaidi, hivyo hukutwa kwa urahisi kuliko anayesoma somo moja jioni.

Hata hivyo usiridhike na 50. Habari yenyewe ni ile 80 na 30. Wastani unaficha kwamba chuo ni viwili.

Kuhusu ukubwa wa sampuli nina maoni makali kidogo: chuo chenye wanachuo 300 kisichague sampuli kabisa. Waulize wote. Kazi ya kupanga sampuli na kuieleza kwa bodi ni kubwa kuliko kazi ya kuongeza fomu za wale ambao sampuli ingewaacha. Sampuli ni ya vyuo vyenye maelfu. Huko kuna kanuni ya haraka ya kujua ukungu wa jibu lako, yaani linaweza kupotoka kwa kiasi gani: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliojibu. Watu 100 wanakupa ukungu wa asilimia 10 kila upande, watu 400 asilimia 5. Kanuni hiyo inafanya kazi tu kama watu hao walichaguliwa kwa haki. Kwa waliojitokeza wenyewe haina maana.

Dalili: majibu yanapingana, au hayaelekei

Mwanachuo amesema hapa kwamba alipata mafunzo kwa vitendo, ukurasa wa pili amesema hakupata. Wakufunzi husema "hawa hawako makini". Mimi humshuku aliyeandika fomu kwanza, na mara nyingi ndiye mwenye kosa, hasa fomu ikiwa imetafsiriwa kutoka fomu ya kigeni bila kusikilizwa kwa Kiswahili.

Kosa linaloongoza ni swali la kukanusha. "Je, hukupata vifaa vya kutosha?" Mmoja anajibu "Ndiyo", akimaanisha: ndiyo, ni kweli, sikupata. Mwingine anajibu "Hapana", akimaanisha: hapana, sikupata. Wote wawili wamesema kitu kimoja, nawe umewaweka kwenye safu mbili zinazopingana. Katika mazungumzo haileti shida, kwa kuwa mtu huongeza neno: "Ndiyo, sikupata." Kwenye kisanduku cha vema hana pa kuongezea. Hakuna ufundi wa hesabu utakaokuokoa baada ya hapo. Ondoa kila swali lenye "hu-", "haku-" au "bila" ambalo linaweza kugeuzwa likawa la kukubali.

Kosa la pili ni la saa, nalo linanishangaza kila mara kwa jinsi lisivyotajwa. "Unafika chuoni saa ngapi?" Mmoja anaandika 2, kwa maana ya saa 2 asubuhi. Mwenzake aliyetoka kutazama simu anaandika 8, na ni wakati uleule. Wa tatu ni wa kipindi cha mchana, naye anaandika 8 akimaanisha saa 8 mchana. Ukiingiza namba hizi kwenye kompyuta na kutafuta wastani, umetengeneza saa ambayo hakuna aliyefika. Toa machaguo yenye maneno: kabla ya saa 1 asubuhi, kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, baada ya saa 2 asubuhi. Na kama unatumia programu ya simu yenye kipengele cha saa, kibadilishe kiwe machaguo hayohayo.

Kisha kuna swali lenye mawili ndani: "Wakufunzi wanafundisha vizuri na kuwahi vipindi?" Yupo anayefundisha vizuri na hawahi. Yupo anayewahi na hafundishi. Gawanya.

Kuna pia "mara nyingi", "mara chache", "wakati mwingine". Kwa mwanachuo wa useremala anayeshika randa kila siku, kushika msumeno wa umeme mara mbili kwa wiki ni mara chache. Kwa wa umeme ambaye amegusa kipimajoto cha jokofu mara mbili tangu aje, hiyo ni mara nyingi. Tumia namba na muda: siku ngapi, wiki iliyopita.

Na maneno ya ofisini: "ufanisi wa utoaji huduma", "mazingira wezeshi ya ujifunzaji". Nani huzungumza hivyo akiwa kwenye foleni ya ugali? Uliza kuhusu maji bafuni, taa za kujisomea usiku, wali wa Jumapili, mlango wa bweni kama unafungika.

Njia ya kuyagundua haya yote ni moja na haina gharama. Kabla ya kuchapa, mwite mwanachuo mmoja, mpe fomu, mwombe asome kila swali kwa sauti kisha akueleze kwa maneno yake unamuuliza nini. Nyamaza. Usimsaidie. Akikwama, swali limekwama. Fanya hivyo na watu watano wa fani tofauti, mmojawapo awe ambaye hakumaliza shule ya msingi, na utakuwa umeshafuta au kuandika upya theluthi ya fomu. Sijawahi kuona zoezi hili likikosa kufichua kitu.

Dalili: ripoti ya wahitimu inasema wote wamefanikiwa, au inasema hakuna aliyefanikiwa

Hizi ni dalili mbili zenye mizizi tofauti, nazo huweza kukaa ndani ya ripoti moja.

"Wote wamefanikiwa" hutokana na namba za simu. Uliwapigia wahitimu wa miaka miwili iliyopita; waliopatikana ni wale ambao laini zao bado ziko hewani na ambao hawaoni haya kuongea na mwalimu wao wa zamani. Aliyepoteza laini, aliyehama, aliyekwama akaona aibu, hao wote wamekuwa "hapatikani kwa sasa", na wewe umewafuta kwenye hesabu. Wasifutwe. Ripoti itaje wahitimu walikuwa wangapi, waliotafutwa wangapi, waliopatikana wangapi, kabla ya kutaja asilimia yoyote. Na dawa yake ianze siku ya kuripoti chuoni: fomu ya kujiunga ichukue namba ya mwanachuo pamoja na namba mbili za watu ambao siku zote watajua aliko. Kwa kawaida ni mama, shangazi, au jirani mwenye duka. Mratibu mmoja alinieleza kwamba namba ya shangazi humpata mhitimu hata pale namba yake mwenyewe imeshafungiwa na kupewa mtu mwingine.

"Hakuna aliyefanikiwa" hutokana na neno ajira. Nilimpigia mhitimu mmoja wa ushonaji, nikamuuliza kama amepata kazi.

"Sijapata kaka, nipo tu nyumbani."

Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inakimbia. Nikamuuliza anashona nini.

"Sare za shule. Za watoto wa hapa mtaani."

Kwake, na kwa watu wengi, kazi ni ya kuajiriwa, yenye barua na mshahara mwisho wa mwezi. Fomu ingemwandika "hana kazi", na chuo kingeandikwa kimeshindwa, ilhali kilimfundisha kinachomlisha. Watakwimu wa kazi duniani wamekubaliana kumhesabu mtu kuwa yumo kazini kama katika siku 7 zilizopita alifanya shughuli ya kumpatia kipato walau kwa saa 1. Uliza hivyohivyo: "Katika siku 7 zilizopita, ulifanya shughuli yoyote iliyokupa fedha au malipo, hata kwa saa moja?" Baadaye uliza ni shughuli gani, na kama ametumia fani aliyosomea. Saa moja ni kipimo kidogo sana, kwa hiyo usiishie hapo. Uliza pia alifanya siku ngapi na kama zinamtosha. Lakini lango la kuingilia liwe hilo.

Dalili: wanachuo wanaondoka, na dodoso halielezi kwa nini

Haliwezi kueleza. Lilijazwa na waliobaki.

Sehemu hii ndiyo naiona kuwa na thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kila mahali. Watu walioacha chuo katikati wamebeba habari ambayo hakuna mwingine anayo. Marekani walipoona hivyo walianzisha dodoso la pili, SENSE, la wanachuo wapya, wanaloulizwa katika wiki ya nne na ya tano ya muhula wa kwanza, kwa kuwa wengi huanza kuteleza mapema sana. Kwetu wiki hizo za mwanzo zina mambo yake: ada ya awamu ya pili, vifaa vya karakana ambavyo mzazi hakuviona kwenye barua ya kujiunga, msimu wa kulima unaoanza huko nyumbani. Dodoso la mwisho wa mwaka linakuta hayo yote yameshapita, pamoja na watu wake.

Weka kadi fupi ya maswali matano katika wiki ya nne. Je, una vifaa vyote vilivyotajwa? Umekosa vipindi siku ngapi, na siku ya mwisho kukosa ilikuwa kwa sababu gani? Kuna mfanyakazi yeyote wa chuo anayekujua kwa jina? Umekula mara ngapi jana? Nani anabaki na mtoto wako, kama unaye?

Swali hilo la mwisho lisiachwe. Programu ya Elimu Haina Mwisho imewapokea katika vyuo hivi wasichana waliokatiza masomo, wakiwemo wenye watoto, na mwenye kumwachia bibi mtoto mwenye homa hawezi kuwa na mahudhurio sawa na asiye na mtoto. Fomu isiyomuuliza itamwandika "mtoro".

Walioshaondoka, wapigie simu, au mtume mtu anayefahamika kijijini. Usiulize "Kwa nini uliacha?" Linasikika kama kesi, na utajibiwa "matatizo ya nyumbani" kisha kimya. Uliza: "Siku ya mwisho uliyokuja chuoni ilikuwaje?" Mwache asimulie. Halafu: "Nini kingewezesha urudi kesho yake?" Nimesikia majibu ambayo yangetatuliwa kwa elfu kumi ya nauli, na majibu ambayo chuo hakikuwa na uwezo nayo kabisa. Yote mawili bodi inapaswa kuyajua, tena kwa kutenganishwa.

Dalili: alama zimepanda au zimeshuka ghafla

Angalia idadi kabla ya kushangilia au kulaumu. Katika darasa la watu 20, mtu mmoja ni asilimia 5. Wawili wakibadili jibu, umeona "mporomoko wa asilimia 10". Angalia pia tarehe: fomu iliyojazwa wiki ambayo wanachuo wamezuiwa kufanya mtihani kwa deni la ada haiwezi kulinganishwa na ya mwaka jana iliyojazwa baada ya mahafali. Madarasa madogo yaripoti kwa watu, "3 kati ya 12", badala ya asilimia.

Dalili: kurasa za mwisho tupu, sehemu ya jinsi na umri haikujazwa

Kurasa tupu maana yake fomu ni ndefu, kata. Jinsi na umri kuachwa wazi maana yake wanaogopa kutambulika, na wana haki. Katika darasa la uchomeleaji lenye wanachuo 14, wawili wakiwa wanawake, fomu yenye fani na jinsi tayari ina jina. Usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya 5. Liunganishe na jingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Orodha ya majina yenye namba za simu na sababu za mtu kuacha chuo haipaswi kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la watumishi.

Dalili: jedwali la kompyuta halijumlishiki

"Kutwa", "kutwa ", "KUTWA" na "wa kutwa" ni makundi manne machoni pa kompyuta. Tumia machaguo yenye namba, au kusanya kwa programu kama KoboToolbox, inayofanya kazi hata mahali pasipo na mtandao na kutuma baadaye. Kwa fomu za karatasi, mtu wa pili aingize upya fomu moja kati ya kila kumi. Tofauti zikiwa nyingi, rudieni zote.

Dalili: mwaka huu fomu zimerudi tupu, au zimechorwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini

Wanachuo wamechoka, na hawakuanza kuchoka mwaka huu. Walijibu mwaka jana kwa moyo, hawakusikia kitu. Ukilaumu kizazi cha simu utakosea dawa.

Sababu hukaa mwanzo kabisa, siku dodoso linapoandikwa. Kamati inakaa, kila mjumbe anaongeza swali linalomvutia, fomu inafika maswali 60. Hakuna anayeuliza: jibu likiwa baya, nani atafanya nini? Dawa yangu ni kalamu nyekundu. Pembeni ya kila swali andikeni cheo cha mtu mwenye uwezo wa kubadilisha jambo hilo: mkuu wa chuo, matroni, mtunza stoo, mratibu wa mafunzo. Swali lisilo na cheo pembeni lifutwe hapohapo, hata liwe zuri. Mara ya mwisho nilipofanya hivi tulianza na maswali 62, tukatoka na 23.

Kisha, ndani ya wiki mbili baada ya fomu kukusanywa, kabla ya ripoti rasmi kukamilika, bandikeni bango kwenye ubao wa matangazo karibu na bwalo. Liwe na safu tatu: Mlisema. Tumefanya. Hatujaweza. Liandikwe kwa mkono kama kichapishi kimeharibika. Mfano wake:

Mlisema karakana ya ushonaji inafungwa saa 9 alasiri na wa kutwa hawapati zamu. Tumefanya: kuanzia Jumatatu ufunguo uko kwa mlinzi hadi saa 12 jioni, na cherehani 3 ni za wa kutwa hadi saa 4 asubuhi.

Mlisema cherehani hazitoshi. Tumefanya: mikanda na sindano zimenunuliwa, cherehani 5 zimerudi kazini. Hatujaweza: kununua mpya, ombi limepelekwa kwenye bodi, jibu tutalibandika hapa tarehe 15.

Safu ya tatu ndiyo wakuu wengi huomba iondolewe. Ibaki, na tarehe yake ibaki. Tarehe 15 ikifika, hata kama bodi imekataa, mtu aende na kalamu akaandike kwamba imekataa.